Daftari la fundi wa redio: familia moja na kumbukumbu ya baba aliyeuawa Januari 2008

Kabla ya kisa

Kisa hiki ni cha familia moja ya Kenya. Nilikaa nayo kama mshauri nasaha kuanzia Machi 2023 hadi mapema 2024. Wamekubali niandike ili wengine wanaobeba mzigo kama wao wapate pa kuanzia, nao walisomewa maandishi haya yote kabla hayajatoka mkononi mwangu.

Nimeondoa majina, mji, kijiji cha marehemu na tarehe ambazo zingemtambulisha mtu. Sikutaja makabila pia. Baba na mama walitoka katika jamii mbili ambazo uchaguzi wa 2007 uliziweka pande mbili, na hilo linatosha. Najua msomaji Mkenya ataanza kukisia kwa kuangalia nani alikimbilia wapi. Namsihi asikisie. Misiba ya namna hii iliziangukia familia za kila upande, na ukishalijua kabila la marehemu utamsoma kwa jicho la kwenu.

Usuli

Baba alikuwa fundi wa redio. Alikuwa na kibanda cha mabati karibu na stendi ya matatu, na daftari kubwa lenye jalada gumu ambalo aliliandika kila siku. Kila redio iliyoletwa ilipewa mstari wake: jina la mwenyewe, ugonjwa wa redio, kilicholipwa, kinachodaiwa. Neno "ugonjwa" ni lake mwenyewe. Chini yake utasoma "anakoroma", "hana sauti", "anashika stesheni moja tu". Majina ya wateja ni ya jamii zote za mji ule, kwa sababu redio zilikuwa za kila mtu.

Mama aliuza nguo za mitumba. Waliishi kwenye ploti ya kukodi pamoja na watoto wao watatu. Kifungua mimba alikuwa mvulana wa miaka 13, binti wa kati alikuwa na miaka 9, na kitinda mimba, mvulana, ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kutembea.

Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalitangazwa jioni ya tarehe 30, na rais akaapishwa Ikulu jioni hiyohiyo, giza likiingia. Vurugu zilikuwa zimekwisha kuanza. Kabla ya mkataba wa kugawana madaraka wa tarehe 28 Februari 2008 kutiwa sahihi, watu 1,133 walikuwa wameuawa kwa hesabu ya Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu hizo, na mamia ya maelfu walikuwa wamekimbia makwao. Baba wa familia hii ni mmoja wa hao 1,133. Binti wa kati aliniambia hivi: "Hiyo namba naijua tangu shule ya msingi. Sikujua kama baba yangu amehesabiwa ndani yake, na sikujua ningemuuliza nani."

Yaliyotokea Januari 2008

Kwa siku mbili familia ilijifungia chumbani, taa imezimwa. Alfajiri ya siku ya tatu baba aliondoka kwenda kibandani kuchukua redio za wateja. Mama alimsihi asitoke. Jibu lake mama analikumbuka neno kwa neno: "Ni vitu vya watu, nitawaambia nini?" Hakurudi.

Usiku uleule kaka yake mama alifika na mkokoteni. Aliwalaza watoto chini, akawafunika magunia, akawasukuma hadi mtaa wa ndugu zao. Mama alibeba mfuko mmoja wenye vitambulisho, kadi za kliniki za watoto na lile daftari, ambalo baba alilala nalo nyumbani kila siku.

Siku ya sita mama alimtambua mumewe mochari. Alikwenda peke yake kwa sababu ndugu wa mumewe hawangeweza kupita barabarani. Baada ya wiki mbili mwili ulipatiwa gari na kusafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Hapo ndipo shemeji yake alimwambia, kwa upole na kwa machozi, asiende nao. Vijana wa kule walikuwa na hasira na watu wa kwao mama, na hakuna mtu ambaye angeweza kuwazuia. Kifungua mimba akapanda gari pamoja na jeneza la baba yake. Mama akabaki na wale wadogo wawili.

Mama hakumzika mumewe. Hakuona kaburi, hakutia udongo, hakukaa matanga. Nilipoanza kazi hii niliyasikia hayo kama jambo moja kati ya mengi ya kusikitisha. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba karibu kila kitu kilichofuata kilitoka hapo.

Miaka 15 ya hadithi mbili

Kifungua mimba hakurudi kwa mama. Alilelewa na nyanya yake na amu zake, akasomea huko, akakua katika boma ambalo baba yake alitajwa kila siku kama mtu aliyeuawa kwa sababu ya kura yake. Upande wa mama mambo yalikuwa kinyume. Baba hakutajwa. Ndugu waliona wanamsaidia mama kusahau, naye alikaa kimya ili asiwakwaze, maana alikuwa akila kwao. Kwa kuwa alihifadhiwa na jamaa na hakukaa kambini, hakuandikishwa popote kama mkimbizi wa ndani, na shilingi 10,000 walizopewa waliorudi makwao mwaka 2008 hakuziona. Kitinda mimba alipoanza kuuliza baba yuko wapi, aliambiwa alikufa kwa ajali ya gari.

Dunia ya nje nayo haikusaidia. Desemba 2010 mwendesha mashtaka wa mahakama ya The Hague alipowataja washukiwa sita wa vurugu zile, kifungua mimba alikuwa kijana wa miaka 16 na aliamini kwamba sasa mtu atajibu. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa kwa rais Mei 2013. Hakuna aliyekuwa amekuja kuichukua habari ya familia hii, na wao hawakujua pa kuipeleka. Machi 2015 rais aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Mama aliisikia hotuba ile redioni na kwa wiki kadhaa alitazamia chifu angeita mkutano. Haukuitwa. Kesi ya mwisho ya wale sita ilikatizwa Aprili 2016 bila mtu kupatikana na hatia. Mwaka huo ndipo kifungua mimba alimwomba mama lile daftari, na mama akampelekea kwa mkono wa binti, akidhani kijana anataka ukumbusho wa baba yake.

Kijana alitaka orodha. Alilisoma mstari kwa mstari akitafuta aliyekuwa na deni kubwa, aliyegombana na baba kuhusu malipo, aliyekaa karibu na kibanda. Alipomaliza alikuwa na majina mawili. La tatu halikuwa daftarini. Lilikuwa la mjomba wake. Hoja yake ilikuwa fupi, na nakiri ilinisumbua hata mimi: mtu anawezaje kuvuka vizuizi viwili usiku wa manane na mkokoteni, wakati wengine wanakatwakatwa, kama yeye si mmoja wa walioviweka?

Cheti cha kifo

Mapema mwaka 2022 kitinda mimba alihitaji basari ya karo. Fomu ilidai nakala ya cheti cha kifo cha mzazi. Binti wa kati alikiomba kwa amu, kikaja ndani ya bahasha iliyofungwa, na kijana akatumwa saiba kutoa nakala. Huko, akisubiri zamu yake, alifungua bahasha na kusoma sehemu ya sababu ya kifo. Hapakuwa na gari wala ajali. Palikuwa na neno la majeraha na kifaa kilichoyasababisha.

Alitoa nakala, akarudisha chenji, akanyamaza miezi sita.

Agosti ile kulikuwa na uchaguzi. Mama ana desturi moja ambayo watoto wameizoea kama wanavyozoea mvua. Wiki moja kabla ya kura hupanga vyeti vyote na nguo kidogo kwenye mfuko na kuuweka chini ya kitanda. Alifanya hivyo 2013, akafanya 2017. Safari hii kitinda mimba alimkuta akifunga zipu, akamuuliza: "Mama, ni ajali gani hii inayotujia kila miaka mitano?"

Mama hakuweza kujibu. Binti ndiye aliyemchukua nje na kumweleza kwa dakika kama kumi, kisha wote wawili wakaogopa kuendelea.

Kumbukumbu ya kwanza, Januari 2023

Kifungua mimba aliandaa kumbukumbu ya miaka 15 nyumbani kwa nyanya. Alichanga fedha, akakodi hema na viti, akamwalika mchungaji. Akamwalika na mama. Kwa mara ya kwanza mama angefika kwenye kaburi la mumewe. Aliambatana na kaka yake, yule wa mkokoteni, kwa kuwa hakuthubutu kusafiri peke yake kwenda mahali alikokatazwa mwaka 2008.

Mchungaji alihubiri juu ya kusamehe. Alisema waziwazi kwamba familia isiyosamehe inajifunga yenyewe. Baada yake kifungua mimba akasimama na daftari mkononi, akasema kabla ya kusamehe ni lazima ijulikane nani anasamehewa. Akasoma majina matatu. La tatu lilikuwa la mtu aliyekaa safu ya pili karibu na mama yake.

Vijana wakasimama. Amu mmoja mzee akamtoa mjomba kwa mlango wa nyuma, mama akamfuata. Aliondoka bila kufika kaburini, ambalo lilikuwa hatua chache nyuma ya hema. Kitinda mimba, aliyekuwa amefika kwa baba yake kwa mara ya kwanza maishani, alitembea kwa miguu hadi barabarani na kupanda gari peke yake. Nyanya aliugua wiki nzima.

Machi, binti alinitafuta. Aliniambia hataki upatanisho. Anataka siku moja tu ambayo watu wote waliompenda baba wanaweza kukaa hadi mwisho.

Maamuzi niliyofanya, na kwa nini

Kwanza nilikataa kuwaita pamoja. Nilikaa na kila mmoja kivyake kwa sababu kila mmoja alikuwa amezoea kusema kile ambacho aliyemlea angependa kusikia. Kifungua mimba mbele ya amu zake ni shujaa wa familia. Mama mbele ya kaka zake ni mtu mwenye shukrani. Nilihitaji kuwasikia wakiwa hawana wa kumridhisha.

Pili, kwa yale mashtaka, nilimpa kifungua mimba karatasi na kumwomba aigawe kwa mstari katikati. Upande mmoja aandike alichokiona kwa macho yake, upande wa pili alichosikia, na mbele ya kila alichosikia aandike kilitoka kwa nani. Sikumwambia amekosea. Mtu aliyepoteza baba akiwa na miaka 13 na kuona kesi zikifungwa moja baada ya nyingine ana haki ya kuuliza nani aliua. Ila tuhuma yenyewe lazima isimame kwa miguu yake. Upande wa kuona ulikuwa na mistari minne, yote kuhusu usiku wa mkokoteni. Jina la kwanza lilitoka kwa mpangaji mmoja aliyeambiwa na mwingine. La pili lilitoka kwenye deni la daftarini na hakuna kingine. Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama ndiye aliyekuwa mkubwa mle ndani. Hakuna aliyewahi kumuuliza."

Tatu, tulitenga mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa katika siku moja. Kumbukumbu iwe ya marehemu. Swali la nani aliua liwe na siku yake, mahali pake na watu wake. Sheria ya Kenya haiweki muda ambao kesi ya mauaji hufa, kwa hiyo hakuna kilichopotea kwa kulitoa hemani. Kifungua mimba alikutana na wakili na kuandika maelezo yake kwa utaratibu, akianza na ile mistari minne. Niliona tofauti palepale. Alipojua maneno yake yamehifadhiwa mahali, hakulazimika tena kuyasema mbele ya kaburi ili yasipotee.

Nne, kitinda mimba aelezwe ukweli wote, na aelezwe na mama. Binti alitaka kumpunguzia mama kazi hiyo. Nilipinga, kwa kuwa uongo ulitoka kwa mama na kijana alikuwa akisubiri kuona kama mama anamwamini. Tulikubaliana maneno ya kwanza mapema, maana mwanzo ndio mgumu: "Nilikudanganya kuhusu baba yako, na nilikosea." Mengine yangefuata yenyewe. Yalifuata, kwa saa tatu. Kijana alitaka kujua mambo ambayo sisi watu wazima hatukuyatarajia. Baba alikuwa mrefu kiasi gani? Alimwitaje yeye alipokuwa mtoto? Je, alimbeba asubuhi ile kabla ya kutoka? Mama alimwambia ndiyo, alimbeba, akamrudisha kitandani kwa sababu alikuwa na usingizi.

Tano ni uamuzi ambao ulikuwa mbaya, na ni wangu. Juni niliwaweka kifungua mimba na mjomba meza moja, mama akiwepo. Niliona kazi imesonga vizuri, nikaharakisha. Kijana aliuliza swali moja: "Mchana ule ulikuwa wapi?" Mjomba akajibu, "Nyumbani." Mama akainamisha kichwa. Kijana alimwona mama, nami nilimwona kijana akimwona. Alitoka, na kwa wiki saba hakupokea simu yangu.

Siku chache baada ya hapo mama alikuja peke yake na kunieleza alichokibeba tangu 2008. Kaka yake hakuwa nyumbani. Vijana walipita mlango kwa mlango wakitoa wanaume, na aliyekataa alipigwa. Alitolewa na kupewa panga, akasimamishwa kwenye kizuizi cha mtaa wao tangu asubuhi hadi jioni. Kizuizi hicho kilikuwa upande mwingine wa mji, mbali na kibanda. Usiku vizuizi vilimfungukia kwa sababu alikuwa amesimama kimoja mchana kutwa. Hivyo ndivyo alivyowatoa watoto. Alimwambia dada yake usiku uleule, akilia, naye akaapa kutomwambia mtu.

Sina njia ya kuthibitisha maelezo haya. Ninachoweza kusema ni kwamba mama hakuwa na cha kufaidi kwa kuyatoa, na yalimgharimu. Nilimwambia sitayapeleka kwa mwanawe. Kama yatamfikia, yatoke kwake. Agosti alipanda gari hadi nyumbani kwa kifungua mimba, akalala huko siku mbili, akamwambia yote.

Kumbukumbu ya pili, Januari 2024

Hii iliandaliwa na ndugu watatu pamoja. Walikubaliana mambo machache na kuyaandika: hakuna mtu atakayetajwa kuhusiana na mauaji, hakuna atakayeombwa kusamehe, na mchungaji atasali bila kuhubiri. Hili la mchungaji lilizua ubishi na amu zao, likapita kwa shida.

Wageni walitoka daftarini. Wazo hili lilikuwa la kitinda mimba. Alikuwa amelichukua kulisoma, akagundua kwamba mistari kumi na miwili ya mwisho ni ya redio ambazo zilikuwa bado kibandani, zile baba alizokwenda kuzichukua. Yeye na dada yake walianza kuwatafuta wenyewe. Wengi walikuwa wamehama mji, wengine wamefariki. Walipata watatu, wa jamii tofauti, na wawili wakakubali kufika. Mmoja, mama mzee, alisimama na kusema redio yake ilikuwa ya marehemu mumewe, kwamba kwa miaka yote alidhani fundi alikimbia nayo, na kwamba amekuja kumwomba radhi. Hema lote lilinyamaza. Mwingine alikuwa na redio ambayo baba aliitengeneza mwaka 2006 na bado inafanya kazi. Alikuja nayo, wakaiwasha.

Kisha mama akapelekwa kaburini. Kifungua mimba alikuwa amechimbua udongo kidogo asubuhi na kuuweka kwenye karai. Alimpa mama mkononi bila kusema neno. Mama alitia udongo mara tatu, akabaki amepiga magoti kwa muda, na hakuna aliyemharakisha.

Mjomba hakualikwa. Kifungua mimba alisema hawezi bado, na hatukumshinikiza. Nyanya hakuwepo. Alifariki Oktoba 2023.

Hali ilivyo

Mama sasa hufika bomani na hulala huko. Kitinda mimba alihamia kwa kaka yake likizo mbili mfululizo. Kifungua mimba amelifuta jina la mjomba kwenye orodha ya wauaji, lakini hamsalimii; anasema kusimama kizuizini na panga si kuua, ila pia si kukaa nyumbani, na kilichomchoma zaidi ni ule uongo wa Juni. Mjomba alimwambia mama kwamba yuko tayari kumweleza wakili aliokuwa nao kwenye kizuizi na nani aliwaleta. Hadi ninaandika hajakwenda. Anahofia majirani zake, na hofu hiyo ni ya kweli.

Uchambuzi

Kumbukumbu ya kwanza haikuvunjwa na hasira ya kijana peke yake. Ilipangwa kuzunguka dakika za mwisho za maisha ya baba, na kuhusu dakika hizo kila aliyekuwepo alikuwa na madai au hatia. Ya pili ilizunguka miaka kadhaa ya kazi yake, ambayo watu wengi walikuwa na sehemu ndani yake. Kitabu kilikuwa kilekile. Mwaka 2016 kilisomwa kama orodha ya washukiwa, mwaka 2023 kikasomwa kama orodha ya waliomjua. Sisemi kwamba usomaji wa kwanza ulikuwa wa kijinga. Ulikuwa usomaji wa mtu ambaye taasisi zote zilimwachia kazi ya upelelezi afanye mwenyewe.

Mahubiri ya msamaha yalifanya madhara, na nasema hivi nikiwa mtu wa kanisa. Yalimfikia kifungua mimba kama amri ya kunyamaza kabla hajasikilizwa. Ukimwambia mtu asamehe wakati hajui anamsamehe nani wala kwa lipi, unamlazimisha achague kati ya kutii na kumkumbuka baba yake. Katika siku ya pili hakuna aliyelitaja neno lenyewe, na yule mama mzee akaomba radhi kwa hiari yake kwa jambo ambalo hakuna mtu angewahi kumdai.

Uongo wa ajali ulitokana na upendo, hilo halina shaka. Lakini vyeti hubaki, na familia za 2008 zijue kwamba karatasi hiyo itaombwa: kwa basari, kwa mirathi, kwa mambo ya ardhi. Afadhali mtoto asikie kwa mama kuliko kusoma akiwa kwenye foleni ya saiba. Kwa mtoto mdogo inatosha kusema baba aliuawa na watu wakati wa vita vya uchaguzi. Mengine huongezwa kadiri anavyokua na kuuliza. Mama aliniambia alichoogopa hasa ni kwamba mtoto angewachukia wajomba waliokuwa wakimlisha. Kijana hakuwachukia. Alichukizwa na kufichwa.

Kutenga siku ya marehemu na siku ya kesi kulifaa kwa sababu siku ya kesi ilikuwepo kweli. Ningemwambia kijana "hayo tutayazungumza baadaye" bila wakili, bila maandishi, ingekuwa ni ileile "tuyaache yaliyopita" ambayo nchi yote iliambiwa, naye angenifukuza, na angekuwa na haki.

Kuhusu Juni: nilikuwa nimemsikiliza kifungua mimba mara sita na mama mara moja. Nilimwona mama kama mtu anayehitaji kufarijiwa, na sikumwona kama shahidi. Kama ningekaa naye mara tatu zaidi ningejua kuna jambo kuhusu kile kizuizi, na nisingemweka mjomba mahali ambapo njia rahisi ilikuwa kudanganya. Kijana alikuwa tayari kusikia jambo baya. Hakuwa tayari kudanganywa usoni, na uongo ule ulifanyika kwenye meza niliyoiandaa mimi.

Na kuhusu nyanya. Alikuwa na zaidi ya miaka 80 na alikaa miaka 15 akiamini kwamba mkaza mwanawe alikataa kuja kumzika mumewe. Hakuna aliyemwambia kwamba mama alizuiwa. Shemeji aliyemzuia aliona aibu, kisha akasahau kwamba mzee hajui. Niliupanga ukweli huo usemwe Januari, mbele ya wote. Oktoba nyanya akaondoka nao haujamfikia. Mama alifika mazishini, akatia udongo kwenye kaburi la mama mkwe wake kabla ya kutia kwenye la mumewe. Siku hizi nikikutana na familia mpya huuliza mapema nani kati yao ni mzee au mgonjwa, na anasubiri kusikia nini. Familia hii niliiuliza Septemba.